Pini ya nyumba ya gia katika Cummins ya lita 5.9: ifunge kabla haijaanguka

Mwenye pikapu ya Dodge Ram iliyotengenezwa kati ya 1989 na 1998, yenye injini ya dizeli ya Cummins ya lita 5.9 na vali 12, ana mojawapo ya injini ngumu kuliko zote zilizowahi kufungwa kwenye gari la aina hiyo. Injini hiyo haina mkanda wa taimingi (yaani wa kulinganisha mwendo wa vali na pistoni) wa kukatika, kwa sababu kamshafti, shafti inayofungua vali, na pampu ya dizeli huzungushwa na gia za chuma zilizokaa mbele ya injini. Hata hivyo, humo humo ndani ya gia pana kipande kimoja kidogo cha chuma ambacho mafundi wa Marekani wamekipa jina la pini muuaji, na jina hilo limekifaa.

Kazi ya pini hiyo huisha kiwandani. Huwekwa ili nyumba ya gia, yaani kasha linalozishika gia, ikae mahali pake sawasawa inapofungwa kwenye bloku, mwili wa injini, na baada ya bolti kukazwa haibebi mzigo wowote wa maana. Imeshindiliwa tu kwenye tundu lake, bila bolti wala kizuizi mbele yake. Mtikisiko wa injini na joto linalopanda na kushuka kila siku huisogeza nje kidogo kidogo kwa miaka, mpaka inachomoka. Ikiwa bahati ipo, hutumbukia moja kwa moja kwenye sampu, trei ya oili iliyo chini ya injini, na kulala huko bila madhara. Bahati isipokuwepo, hudakwa na meno ya gia: meno hukatika, au nyumba ya gia hupasuka na kumwaga oili, na taimingi ikipotea pistoni hukutana na vali. Kubadilisha nyumba hiyo si kazi ya mchana mmoja, kwa kuwa ni lazima kamshafti itolewe kwanza.

Usisubiri dalili. Pini inayotoka haigongi, haiwashi taa ya dashibodi, na haibadilishi moshi. Kwa maoni yangu, gari ambalo halina kumbukumbu ya kazi hii lifanyiwe kabla ya kuongezewa nguvu au kufungwa trela zito, na wakati mzuri kuliko wote ni pale oili sili (pete ya kuzuia oili) ya mbele ya krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, inapoanza kuvuja, maana njia ya kuifikia ni hiyo hiyo.

Anza injini ikiwa baridi, ukitenganisha waya hasi wa betri, na za betri zote mbili kama gari lina mbili. Toa feni na kinga yake, toa mkanda wa nje, kisha fungua bolti nne za dampa ya krenki, gurudumu la kupunguza mtikisiko lililo mbele yake, na uivute. Kama kuna kihisi cha mzunguko karibu na dampa, kisogeze pembeni bila kuukunja waya wake. Safisha vizuri uso wa kava ya gia, kifuniko cha mbele cha nyumba ya gia, kabla ya kuifungua, kwa sababu mchanga utakaoanguka ndani utaishia kwenye oili.

Kava ikishatoka, tafuta pini kwenye nyumba ya gia, karibu na ukingo wa gia ya kamshafti upande wa juu. Imulike kwa tochi na uipapase kwa ncha ya kidole: pini iliyo salama imezama sawa na uso wa chuma, na iliyoanza safari hujitokeza kama kichwa cha msumari usiogongwa hadi mwisho. Ukikuta tundu tupu, usiwashe injini hata kwa dakika moja. Itafute kwa sumaku, na ikibidi shusha sampu, kisha kagua jino moja baada ya jingine na uangalie nyufa kwenye nyumba.

Ikiwa pini bado ipo, irudishe ndani kwa kuigonga taratibu kwa chuma bapa na nyundo ndogo. Baadaye iwekee kizuizi, yaani kibati cha chuma chenye tundu, kinachofungwa kwa bolti ya nyumba iliyo jirani na kuifunika pini kwa mbele. Wako wanaotosheka kuponda kingo za tundu kwa tindo ili zishike pini. Njia hiyo hufanya kazi, lakini mimi naamini kibati zaidi, kwa sababu unakiona kwa macho kwamba kimeziba. Paka nyuzi za bolti gundi ya kuzuia kulegea na uikaze kwa Nm 24 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Ukiwa hapo, zitoe bolti nyingine za nyumba unazozifikia, moja moja na si zote pamoja, uzisafishe, uzipake gundi hiyo na uzikaze kwa kipimo hicho, maana nazo hulegea. Halafu izungushe krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, ukihakikisha hakuna jino linalogusa kibati.

Oili sili mpya ndiyo inayowashinda wengi. Hufungwa kavu: usiipake oili wala grisi, na uso wa krenki uwe umefutwa ukakauka kabisa, vinginevyo itavuja ndani ya muda mfupi. Tumia kiongozi cha plastiki kinachokuja nayo, na uweke kava katikati sawasawa kabla ya kukaza bolti zake. Dampa nayo ikazwe kwa Nm 125, ukilinganisha na mwongozo wa mwaka wa gari lako.

Rudisha vilivyobaki, angalia kiwango cha oili, washa injini na uiache ingurume polepole huku ukimulika chini ya kava. Mwisho, andika kwa rangi juu ya kava tarehe na kwamba pini imefungwa, ili fundi atakayefuata asilazimike kufungua tena ili kujua.