Bwawa la upepo la watoto: maji ni ya siku moja tu

Bwawa dogo la kujaza upepo halina chujio wala pampu ya kuzungusha maji. Kwa matumizi yake ni beseni kubwa la kuogea: maji yanaingia, watoto wanacheza, maji yanamwagwa siku hiyohiyo. Makosa huanza pale mtu anapoyaonea maji huruma akayaacha yalale. Asubuhi yake yana jasho, mkojo, mafuta ya ngozi na udongo, na jua likitoka linayapa uvuguvugu ambao vijidudu huupenda. Tena mtoto mdogo huweza kuamka kabla ya watu wazima na kutoka nje peke yake. Kumwaga kila siku kunaziba mianya yote miwili.

Mahali na upepo

Tafuta ardhi tambarare. Laza ubao ulionyooka, juu yake uweke chupa iliyojaa maji nusu, nayo ilale ubavu. Povu la hewa litakuonyesha upande ulioinuka. Ardhi ikiinama, maji huegemea upande wa chini, ukuta ukalala na maji yakamwagika mtoto akiwa ndani. Okota mawe, vijiti na miiba kwa kupapasa kwa mkono, kwa sababu macho hupitwa, kisha tandika turubai.

Panga pahali kabla ya kutia maji. Bwawa la upana wa mita 1.5 lenye maji ya sentimita 25 lina takriban lita 440, yaani kilo 440. Ukiliburuta likiwa limejaa, sakafu yake hupasuka, na uzito huo haufai kabisa kwenye roshani.

Ukijaza upepo, acha ukuta uwe mgumu kiasi cha kidole gumba kuzama kidogo ukibonyeza. Hewa hutanuka ikipata joto, na bwawa lililokazwa sana asubuhi huachia kwenye mishono saa sita mchana. Kompresa ya matairi usiiguse kwa kazi hii.

Maji

Tumia maji safi, kwa maana watoto watayameza tu. Mpira wa maji ukiwa umelala juani, maji ya kwanza kutoka huweza kumbabua mtoto, kwa hiyo yaache yatiririke pembeni mpaka yapoe. Ukichanganya na maji ya moto, tangulia kutia ya baridi, mtoto akiwa mbali, halafu pima kwa kiwiko. Kwa wadogo, maji yasipite kitovu wakiwa wameketi. Mtoto akianza kutetemeka au midomo ikibadilika rangi, mtoe, umkaushe na kumfunika.

Kabla ya kuingia, kila mmoja aende chooni, aoge kwa sabuni, na asuuze nyayo kwenye beseni lililowekwa ubavuni mwa bwawa. Beseni hilo dogo linazuia udongo na majani mengi kuliko mtu anavyodhani. Mwenye kuharisha haingii. Nepi za kuogelea huzuia kinyesi kigumu kwa muda tu. Za kuzuia vijidudu vya kuhara hazipo.

Je, utie klorini kwenye maji? Hapana. Kwenye maji machache kiasi hiki kipimo hakitulii: jua huiangamiza klorini, jasho na mkojo huimaliza, na ukizidisha kidogo macho na ngozi za watoto huwaka. Isitoshe, kijidudu cha kriptosporidi kinachosababisha kuhara huweza kuishi zaidi ya siku 7 hata ndani ya maji yenye klorini ya kipimo sahihi. Klorini ina kazi yake, nayo ni kusafishia bwawa tupu.

Kuosha

Watoto wakitoka, toa vichezeo, mwaga maji yote, kisha sugua kwa sifongo laini na sabuni ya maji. Kaza mkono kwenye pindo pale sakafu inapokutana na ukuta, maana ndipo utelezi unapojificha. Utelezi huo ni tabaka la vijidudu lililojigandisha. Kusuuza pekee hakuuondoi. Steelwulu na brashi ngumu zinakwaruza, na kila mkwaruzo ni makazi mapya ya uchafu.

Mara moja kwa wiki, na kila mara mtoto anapojisaidia ndani, ongeza klorini baada ya sabuni. Chukua klorini ya maji ya kufulia ya asilimia 5, pima mililita 20 kwa lita 1 ya maji, paka kote pamoja na vichezeo, acha dakika 10 pakiwa pamelowa, kisha suuza mara mbili. Vaa glavu. Usiichanganye kamwe na siki, asidi ya kusafishia choo au dawa yenye amonia, kwani hutoa gesi yenye sumu.

Baada ya hapo kausha, ukaliache juani saa 4 au zaidi. Punguza upepo kwanza: bwawa tupu hupata joto upesi kwa kuwa halina maji ya kulipoza.

Macho ya mtu mzima

Hapa hakuna nafasi ya kubahatisha. Mtoto huweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu, na mara nyingi hazami kwa kelele. Haiti, harushi maji, hunyamaza. Kwa hiyo mtu mzima mmoja, anayejulikana ni yeye, aketi mahali ambapo mkono wake unamfikia mtoto, simu ikiwa imewekwa kando. Akitaka kuondoka, amkabidhi mwenzake kwa kutamka, au awatoe watoto wote. Maboya ya mikononi ni vichezeo, hayaokoi. Nyaya za umeme na pampu ya umeme ziwe mbali kabla maji hayajaanza kutiwa.

Bwawa likishamwagwa, lipindue kifudifudi. Likikaa wazi linakusanya maji ya mvua, na maji hayo huzalisha mbu ndani ya wiki moja au mbili, mbali na hatari ya kuzama.

Tundu na kuhifadhi

Ukuta ukilegea, paka povu la sabuni ukitazama panapotoa mapovu. Toa upepo, safisha kwa spiriti, kausha, kisha bandika kiraka cha vinili kinachozidi tundu kwa sentimita 2 kila upande. Kikate pembe za mviringo, kwani pembe kali huinuka. Kigandamize kwa kitu kizito na usubiri saa 24 kabla ya kujaza.

Msimu ukiisha, hakikisha hata ndani ya vizibo pamekauka, kwa sababu tone moja huleta kuvu. Nyunyiza poda kidogo ili plastiki isigandane, likunje kwa kulegeza, ulitie kwenye ndoo yenye kifuniko ambako panya hawafiki.