Kompyuta ya Kale ya Gemu: Anza na TV Uliyonayo

Ukiniuliza uagize kompyuta gani ya miaka ya 80 kwa ajili ya gemu, nitakuuliza kwanza una TV gani nyumbani. Wengi huanza na jina, mzigo ukishafika Dar ndipo wanazunguka Kariakoo kutafuta waya usiopatikana.

Chukua Amiga 500 ya mwaka 1987. Naipenda sana. Lakini tundu lake la video la kawaida hutoa picha isiyo na rangi. Rangi hupita kwenye tundu la RGB, linalotoa nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake, na TV nyingi za chogo zilizobaki mitaani kwetu zina yale matundu matatu tu, la njano, jeupe na jekundu. Tena kadi ya kuongeza memori iliyo chini yake mara nyingi ina betri inayovuja na kula bodi. Muuzaji afungue kifuniko akupigie picha. Ukiona ukijani, achana nayo.

ZX Spectrum ya 1982 ni ndogo na nyepesi, ila isipokuwa imefanyiwa marekebisho, picha yake huingilia tundu la antena. Adapta yake ya volti 9 ina hasi katikati ya plagi, kinyume na nyingi zinazouzwa madukani. Ukichomeka yoyote tu, unaiunguza.

Mimi nakushauri Commodore 64. Inatoa rangi kwenye lile tundu la njano kwa waya ambao fundi anayejua kulehemu anakutengenezea. Agiza ya PAL, yaani mfumo wa picha za TV wa Ulaya, kutoka Uingereza au Ujerumani, ambako umeme ni kama wetu: volti 230, hezi 50. Ya Marekani ni ya NTSC, mfumo wao wa picha wa hezi 60, na adapta yake ni ya volti 120; hata ukipata transfoma, gemu nyingi za Ulaya zilizoandikwa kwa hezi 50 zitakimbia kupita kiasi au zitagoma.

Zipo za kahawia, nene, na zile nyembamba za C64C zilizotoka 1986. Mimi nachagua ya kahawia kwa sababu ya chipu ya sauti, SID 6581. Ngoma na maneno yaliyorekodiwa ndani ya gemu husikika vizuri humo, wakati chipu ya baadaye, 8580, iliyomo kwenye C64C nyingi, huyafifisha. Kama masikio yako hayajali hilo, chukua yoyote iliyo nzima.

Uzima wake unaupima hivi: omba video ikiwashwa kutoka mwanzo. Skrini ya bluu lazima iandike 38911 BASIC BYTES FREE. Namba ikiwa pungufu, mara nyingi memori ina kasoro. Kisha muuzaji abonyeze kila kitufe mbele yako.

Kaseti na flopi usizihangaikie. Kifaa cha SD2IEC kinasoma gemu kutoka kadi ya SD, ingawa baadhi ya gemu zenye njia zake za kupakia humkatalia mtu.

La muhimu kuliko yote ni adapta. Ya asili imemiminiwa gundi ngumu ndani, na ikichoka umeme wake wa volti 5 hupanda kupita hapo, chipu za memori zinakufa. Nunua mpya iliyotengenezwa siku hizi, fundi aipime kwa mita kabla ya kuichomeka. Ile ya zamani muuzaji aibakize hukohuko. Ni nzito, na kilo unazilipia wewe.