SOMO: Namna ya kueleza spishi mpya ya trikoptera wadogo wa vijitoni (soma kabla ya kunitumia picha)

Wakuu, habari za Kigoma. Kila wiki napokea picha za simu zenye swali lilelile: "Huyu ni spishi mpya?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hiyo naandika mara moja hapa.

Ninaowazungumzia ni wadudu wa oda ya Trichoptera, familia ya Hydroptilidae. Wana milimita 2 hadi 5 tu, mabawa membamba yenye nywele ndefu kingoni. Lava wao (watoto ambao bado hawajaota mabawa) hukaa majini wakifyonza mwani, na ni katika hatua ya tano ya ukuaji, ya mwisho, ndipo hujitengenezea kifuko cha hariri. Hakuna familia ya Trichoptera yenye spishi nyingi kuliko hii, zimeshapita 2,000. Kwa macho zote zinafanana. Zinapotofautiana kwa uhakika ni kwenye ncha ya tumbo la dume, viungo vya uzazi. Ndiyo maana picha ya bawa hainisaidii kitu.

1. Kibali. Utafiti ni COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia); hifadhi za Gombe na Mahale zina taratibu za TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na TANAPA (Hifadhi za Taifa) pia.

2. Mtego. Sahani nyeupe, maji, tone la sabuni, na taa ya urujuanimno (UV) juu yake, ukingoni mwa kijito. Huku kwetu jua huzama karibu saa moja jioni. Washa hapo, zima saa tatu. Usiku wa mbalamwezi usijisumbue. Wavuvi wa dagaa wanalijua hili kuliko sisi: mwezi ukiwa mpevu taa haivuti, wanakaa nchi kavu. Wadudu ni vilevile.

3. Chuja, weka kwenye ethanoli (spiriti) ya asilimia 80. Wachache watie kwenye ya asilimia 95 kwa ajili ya DNA.

4. Lebo: penseli, karatasi ngumu, NDANI ya chupa. Mahali, vipimo vya GPS, mwinuko, tarehe, aliyekusanya. Wino wa biki huyeyuka kwenye spiriti.

5. Tenga madume kwa hadubini.

6. Kusafisha tumbo. Hapa soma polepole. Ili uone viungo, lazima misuli na mafuta ya ndani viondoke, libaki ganda. Wengi hutumia potasiamu haidroksaidi (potasi) ya asilimia 10. Mimi pia nilianza nayo. Nilikuwa na dume mmoja tu, kutoka kijito kinachoshuka mlimani kuelekea ziwani. Nikaipasha moto, mgeni akabisha hodi, nikatoka kumpokea. Niliporudi tumbo lilikuwa jeupe kama kioo, limejikunja, na vimiba vyembamba vya kwenye uume havionekani tena. Nilirudi kwenye kijito kile misimu miwili, sikumpata mwingine. Mpaka leo sijui alikuwa nani, na bado inaniuma. Kwa hiyo:

Usiondoke mezani. Hata dakika moja.
Usianze na dume wa pekee. Fanyia mazoezi majike na spishi za kawaida, hata ishirini, kwanza.
Kwa wadogo hawa tumia asidi ya laktiki ya asilimia 85, ya moto. Haili ganda haraka. Angalia kila dakika tano.
Ukitumia potasi, chombo kiwe cha kioo. Sufuria ya aluminiamu italiwa na kutoa gesi inayoshika moto. Vaa miwani. Ukimaliza, suuza kwa maji yenye tone la siki.
Tumbo lililosafishwa likae kwenye gliserini, ndani ya kichupa kidogo, pamoja na mwili wake. Tumbo likitengana na mwili, umepoteza vyote viwili.

7. Chora: ubavuni, juu, chini, kisha uume peke yake. Chora unachokiona, si unachotarajia.

8. Linganisha na KILA spishi ya jenasi hiyo (kundi la spishi za karibu, chini ya familia) iliyoelezwa Afrika. Ipo orodha ya dunia ya Trichoptera mtandaoni. Ndiyo itakuonyesha maandiko ya kutafuta. Hatua hii huchukua miezi.

9. Andika. Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama inataka useme wazi kuwa ni spishi mpya, utoe maelezo ya kuitofautisha, utaje holotaipu (kielelezo kimoja kinachobeba jina) na makusanyo itakakohifadhiwa. Tangu 2012 jarida la mtandaoni linakubalika, mradi kazi iwe imesajiliwa ZooBank, sajili rasmi ya majina ya wanyama.

MASWALI

Kaka wa Mwanga: Mkuu somo zuri. Nimekutumia picha inboksi, ni spishi mpya?

Jibu: Hatua ya 5 na 6.

Kaka wa Mwanga: Nimesoma, lakini ukiangalia kwa harakaharaka tu?

Jibu: Nimeiangalia. Ana mrija uliojikunja mdomoni. Ni nondo.

Mtoto wa Ujiji: Kwa nini tusipime DNA tu tukaachana na hizo asidi?

Jibu: DNA naitumia, na ni nzuri sana kuunganisha jike au lava na dume wake. Lakini spishi nyingi za Afrika zilielezwa kwa michoro na hazina DNA ya kulinganisha. Utapata herufi zisizo na jina. Sijasema napinga teknolojia, naomba nisilishwe maneno.

Mama Mawese: Kaka, mimi natengeneza sabuni ya mawese. Kostiki yangu haiwezi kufanya hiyo kazi ya hatua ya 6?

Jibu: Dada, swali zuri sana. Kostiki ni sodiamu haidroksaidi, ndugu wa potasi, na misuli itaila kweli. Ila lazima uipime: gramu 10, ongeza maji hadi mililita 100. Tia kostiki kwenye maji, usimimine maji juu ya kostiki, maana itachemka na kuruka. Wewe unajua inavyounguza. Jaribu na majike, uniambie.

Mama Mawese: Na nikimpata mpya, naweza kumpa jina la bibi yangu?

Jibu: Unaweza. Jina la mwanamke huishia -ae, la mwanamume -i. Ukitaka la mahali, -ensis hufaa kwa Hydroptila na Orthotrichia (jenasi mbili za familia hii) kwa kuwa majina hayo ni ya jinsia ya kike. Kujipa jina lako mwenyewe hakukatazwi na Kanuni, ila ni utovu wa adabu.

Msomi wa Kasulu: Lazima holotaipu ipelekwe Ulaya?

Jibu: Hapana. Ibaki popote penye makusanyo yanayotunzwa na watafiti wanaruhusiwa kuiona. Kuitoa nchini ndiko kunakotaka vibali vingine.

Mzee wa Kibirizi: Chupa zangu hukauka spiriti kila kiangazi.

Jibu: Mzee wangu, shikamoo. Ziba vichupa kwa pamba badala ya vifuniko, vipindue ndani ya mtungi mmoja mkubwa wa kioo uliojaa spiriti. Utakuwa unaangalia mtungi mmoja tu.

Mzee wa Kibirizi: Marahaba. Na taa? Hizi za sola za dagaa zinafaa?

Jibu: Zinavuta, ila wadudu wachache kuliko urujuanimno. Ukiwa na hiyo tu, itumie, uisogeze maji yanapokwenda kasi juu ya mawe.