Somo: Kuingiza samaki kwenye tangi jipya la maji baridi (yasiyo ya chumvi) bila kuwaua

Mtu ananunua tangi asubuhi, mchana analijaza maji, jioni lina samaki kumi na watano. Wiki ya pili wanaanza kuelea. Anarudi dukani, anauziwa dawa na samaki wengine, na mambo yanakuwa yaleyale. Mara nyingi hapo hakuna ugonjwa wowote. Samaki wamekufa kwa sumu ya uchafu wao wenyewe, kwa sababu tangi halikuwa tayari kuwapokea.

Nitatumia mfano wa tangi moja: samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, ndugu wa perege na sato, jamii inayoitwa sikilidi. Ziwa hilo lina zaidi ya spishi 200 za jamii hii, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Ni samaki wetu, wana tabia za kuvutia kuliko wengi wanaoletwa kwa ndege, na wengine ni wadogo kiasi cha kuishi vizuri nyumbani.

Hatua ya 1: Jua ukubwa wa tangi lako

Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawa kwa 1,000. Tangi la 80 kwa 40 kwa 40 ni lita 128. Ukitoa mchanga, mawe na nafasi ya juu, una maji ya lita 100 hivi. Pamoja na kioo na mawe, uzito unazidi kilo 130, kwa hiyo meza ya kawaida ya sebuleni haitoshi. Liweke mbali na jua la dirishani.

Hatua ya 2: Chagua samaki wanaofaa maji yako

Usinunue samaki kwanza halafu uanze kupigana na maji. Samaki wa Tanganyika wanataka maji magumu, yaani yenye madini mengi, yenye pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ya 8 hadi 9 na joto la nyuzi 24 hadi 27. Maji mengi ya visima yana ugumu huo, ila yapime, na yakiwa na chumvi ya bahari yaache. Maji ya bomba yenye klorini yaweke kwenye ndoo wazi kwa saa 24, ukiyapitishia pampu ya hewa. Kama mamlaka ya maji ya kwenu hutumia kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), kusubiri hakusaidii. Tumia dawa ya kuondoa klorini. Pwani hita (kifaa cha kupasha maji joto) haihitajiki, tena kazi kubwa ni kuzuia maji yasipite nyuzi 28. Njombe au Arusha utaihitaji.

Hatua ya 3: Lea bakteria kabla ya samaki

Hapa ndipo naomba usome polepole.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na uchafu wao, na mabaki ya chakula yakioza huongeza. Amonia ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia hadi utakapobadilisha maji. Bakteria hawa hukaa hasa kwenye sponji ya chujio, na tangi jipya halina wa kutosha.

Washa chujio, tia chakula kidogo cha samaki kila siku kana kwamba kuna anayekula, kisha subiri. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita. Pima kwa vipimo vya matone: amonia itapanda na kushuka, nitriti itafuata njia hiyohiyo, kisha nitrati itaonekana. Amonia na nitriti zikikaa sifuri siku kadhaa huku ukiendelea kutia chakula, tangi liko tayari. Ukipata kipande cha sponji iliyotumika kutoka tangi lenye samaki wazima, kiweke ndani ya chujio lako. Kitapunguza sana muda huo.

Kwa tangi letu jambo hili lina uzito zaidi, maana pH ikiwa juu, amonia ileile huwa na sumu kali zaidi.

Hatua ya 4: Hesabu samaki kwa ukubwa wa utu uzima

Samaki wa mapambo aitwaye oska akiwa wa sentimita 5 dukani atafika sentimita 30. Pleko wa kawaida, yule anayeuzwa "asafishe kioo", anaweza kupita 40. Wapo wanaoamini kwamba samaki hukua kulingana na tangi. Si kweli. Anayedumaa, anadumaa kwa maji mabaya na msongo, na maisha yake yanafupika. Kuhe anayevuliwa Kigoma ni sikilidi pia, lakini ndiye mkubwa kuliko sikilidi wote wa Tanganyika; hata kifaranga chake usikichukue.

Kwa lita 128 mimi naweka hivi: Neolamprologus multifasciatus sita, na baadaye jozi moja ya Julidochromis ornatus. Basi. Hao wa kwanza hawafiki hata sentimita 5 na huishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Wape mchanga laini wa kina cha sentimita 5 na makombe mawili au matatu kwa kila samaki. Watachimba na kupanga mtaa wao wenyewe. Ile jozi ya Julidochromis iwe na rundo la mawe upande wa pili, na mawe yasimame juu ya kioo cha chini, si juu ya mchanga unaochimbwa. Tropheus, sikilidi wengine wa Tanganyika, ni wazuri mno, lakini wanapigana, wanataka kundi kubwa na tangi kubwa. Usianze nao.

Hatua ya 5: Waingize kwa mafungu

Zima taa. Acha mfuko wenye samaki uelee juu ya maji dakika 20, ongeza maji ya tangi kidogo kidogo, kisha hamisha samaki kwa wavu. Maji ya mfuko yamwage nje. Subiri wiki mbili au tatu, ukipima, kabla ya fungu la pili. Kila wiki badilisha robo ya maji.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, asante kwa somo. Huku Mwanza umeme ukikatika usiku kucha nifanyeje?

Karibu sana. Nunua pampu ndogo ya hewa ya betri, na usilishe mpaka umeme urudi. Chujio la boksi lililofungwa likizimika saa nyingi, bakteria hufa na maji ya ndani huharibika. Usiliwashe hivyo hivyo. Mwaga maji hayo, suuza sponji kwa maji ya tangi, kisha washa.

Mimi niko Kigoma, ziwa liko mlangoni. Kwa nini ninunue wakati naweza kuwakamata?

Ndugu yangu, pita kwanza kwa ofisa uvuvi. Biashara ya samaki hai ina vibali vyake. Pia kuna samaki wa mawe ambao rangi yao ipo kwenye kipande kimoja tu cha ufuko. Watu wachache wenye nyavu wanaweza kukimaliza. Waliozaliwa kwenye matangi ni bora, na hula chakula cha dukani bila shida.

Nahama mji. Naweza kuwaachia mtoni? Si ni wa kwetu?

Hapana, dada, tafadhali. Sangara aliingizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na spishi nyingi za furu, sikilidi wadogo wa ziwa hilo, zikatoweka. Gugu maji lilitoka Amerika Kusini kama ua la mapambo. Na "wa kwetu" haitoshi: Ziwa Nyasa, kisiwa cha Thumbi West, mbuna (sikilidi wa kwenye mawe) wa sehemu nyingine za ziwa hilohilo waliachiwa kutokana na biashara ya samaki wa mapambo, wakastawi mahali pasipo pao. Mpe mfugaji mwingine au rudisha dukani, hata bure. Maji na mimea ya tangi pia usivimwage mtoni.

Hao wa makombeni wakizaana sana je?

Watazaana. Watoto hukaa na wazazi, kundi linakua. Nitrati ikianza kupanda haraka kuliko zamani, tafuta wa kuwapa. Kuwahamisha, inua kombe lenyewe taratibu likiwa na samaki ndani, usimtoe kwa kijiti.