Somo: Paka wako ajua jina lake, au ajua sahani tu?

Paka wangu Kidoti aliwahi kupotea siku mbili. Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa, kwenye kichochoro kinachotokea barabara ya Ndia Kuu, na usiku wa pili, watu walipokwisha kusali isha na njia kutulia, nilitoka na tochi nikawa namwita mlango kwa mlango. Nyuma ya stoo moja iliyofungwa kufuli nikasikia "nyau" ya mbali, ya mnyama aliyechoka. Nikanyamaza. Kimya. Nikaita tena "Kidoti!", naye akajibu tena. Mwenye stoo akaamshwa, kufuli likafunguliwa, paka akatoka na utando wa buibui kwenye masharubu.

Asubuhi nilipomsimulia mama mkwe alifurahi, lakini akasema: "Mwanangu, paka kajibu sauti yako. Hata ungeita 'sabuni' angejibu." Sikuwa na hoja ya kumpinga, na maneno yale yakanikaa. Maana paka anaweza kuja kwa sababu tatu: amesikia sahani, ametambua sauti ya mwenyewe, au amelitambua jina. Kwetu sisi tunaotazama zote ni kitu kimoja, paka kaja. Somo hili ni la kuzitenganisha hizo tatu nyumbani kwako, bila chombo chochote zaidi ya simu.

Kwanza niseme waliotangulia walipata nini. Japani, mwaka 2013, Atsuko Saito na Kazutaka Shinozuka waliwapigia paka 20 rekodi za watu wakiwaita. Paka waliitikia zaidi sauti ya mwenyewe kuliko za wageni. Kwa hiyo mama mkwe ana haki yake. Lakini mwaka 2019 Saito, akiwa Chuo Kikuu cha Sophia jijini Tokyo, alitoa pamoja na wenzake utafiti uliohusu paka 78, na safari hii swali lilikuwa jina lenyewe. Paka alisikilizishwa maneno manne ya kawaida yenye urefu na mkazo sawa na jina lake, moja baada ya jingine kwa nafasi ya sekunde 15. Akishayazoea huyapuuza. Neno la tano ndilo jina. Paka wengi waliokuwa wamepuuza maneno yale waliamka upya waliposikia jina, na kwa paka wa majumbani ilikuwa hivyo hata msemaji alipokuwa mtu wasiyemjua.

Waliamka vipi? Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Hawakuja mbio. Walizungusha sikio, au walisogeza kichwa. Wachache sana walilia, kutikisa mkia au kuinuka. Ukingoja paka aje ndipo uamini amesikia jina, utamdhulumu.

Hatua ya kwanza: jina liwe moja

Kidoti kwetu aliitwa Kidoti, Kido, Mama Paka, na mtoto wangu mdogo alimwita Titi. Tulikaa kitako tukakubaliana: Kidoti, basi, watu wote wa nyumba. Ukimpa paka majina manne, kila moja analisikia robo ya mara ambazo angelisikia jina moja.

Angalia pia jina lisifanane na neno linalotamkwa nyumbani kutwa. Jina la Kidoti lina kasoro hiyo, maana "kidogo" husemwa kwetu tangu chai ya asubuhi: ongeza kidogo, ngoja kidogo, sogea kidogo. Mtu anayechagua jina leo aliepuke jambo hili. Mimi nilimwachia lake kwa kuwa alikuwa amekwisha kulizoea, na baadaye kasoro ile ikanisaidia, kama utakavyoona.

Hatua ya pili: jina litangulie, sahani ifuate

Tamka jina mara moja, kwa sauti yako ya kawaida, kisha ndipo umpe kitu. Usipayuke, paka husikia sauti nyembamba hadi kilohezi 85 hivi (kilohezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), ilhali mwanadamu huishia kwenye 20. Mpangilio ndio muhimu. Ukigonga sahani kwanza halafu ukaita, sahani imeshasema kila kitu na jina halimfundishi lolote. Mimi huweka kipande mfukoni tangu jikoni, ndani ya karatasi, ili asione wala asisikie chombo.

Kipande kiwe kidogo kama ukucha: changu au tafi aliyechemshwa bila chumvi, miiba imetolewa. Usimpe mabaki ya mchuzi. Kitunguu maji na kitunguu saumu ni sumu kwa paka, na mchuzi wetu wa Pwani haukosi vyote viwili. Fanya hivi mara nne au tano kwa siku, wiki mbili. Wakati mzuri ni baada ya alfajiri na kabla ya magharibi, saa ambazo paka huchangamka kwa maumbile yake. Saa saba ya mchana, joto la Mombasa limekaa, amejinyosha juu ya sakafu ya saruji, mwache alale.

Na hili nalisema kwa mkazo: usilitumie jina kwa jambo analolichukia. Ukitaka kumwogesha au kumtia kwenye kikapu umpeleke kwa daktari wa mifugo, nenda umbebe kimyakimya. Ukitaka kumkataza asipande meza, piga kofi moja la mikono, usimwite. Nyumba nyingi jina la paka hutajwa zaidi kwa kukemewa kuliko kwa kupewa, kisha watu hushangaa kwamba akiitwa hukimbilia uvunguni.

Hatua ya tatu: jaribio lenyewe

Chagua maneno manne yenye silabi sawa na jina. Hapa Kiswahili kinaturahisishia kazi, kwa sababu mkazo wetu karibu siku zote huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukilinganisha idadi ya silabi, mkazo unajilinganisha wenyewe. Kidoti ni silabi tatu, kwa hiyo nilichagua: kijiko, gazeti, sabuni, kidogo. Hilo la mwisho niliweka makusudi, liwe jirani kabisa na jina lake. Kama paka wako ni Simba, tafuta ya silabi mbili, kama meza. Kofia haifai, ina tatu.

Rekodi maneno hayo kwenye simu kwa sauti ileile, bila kupamba jina. Hapa ndipo moyo wa mtu humsaliti: "sabuni" husemwa kavu, "Kidoti" huvutwa kwa mapenzi. Nilirekodi mara sita ndipo jina likatoka kavu kama mengine. Acha sekunde 15 baina ya neno na neno, jina liwe la tano.

Ngoja paka awe amekaa, ameshiba, hajalala. Feni izimwe, dirisha la barabarani lifungwe ili tuktuk na kunguru wasiingilie. Weka simu ya kupigia sauti nyuma ya pazia, na wewe usiwemo machoni mwake, kwa kuwa paka husoma uso na mkono. Simu ya pili imrekodi video ukaitazame baadaye polepole.

Nililoona kwa Kidoti: "kijiko", masikio yote mawili yaligeuka. "Gazeti", moja. "Sabuni", hakuna. "Kidogo", ncha ya sikio la kushoto iliruka kidogo sana, nikaogopa jaribio limeharibika. Kisha "Kidoti": masikio yote mawili, na kichwa kikageuka hadi kwenye pazia. Nilirudia siku tatu mbalimbali, nikibadilisha mpangilio wa yale manne ya mwanzo, na mara zote tatu jina lilimwamsha kuliko neno lililolitangulia.

Hatua ya nne: sauti isiwe yako

Hii ndiyo iliyojibu hoja ya mama mkwe. Nilimwomba jirani ambaye hajawahi kumlisha Kidoti arekodi maneno yaleyale matano. Kichwa hakikugeuka safari hii, lakini masikio yaligeuka kwenye jina baada ya kutulia kwenye mengine. Mama mkwe alikuwa ameketi kando yangu tukiitazama video. Akaomba irudishwe nyuma, akaitazama mara ya pili, akasema, "Haya, lake alijua."

Hatua ya tano: umbali

Anza chumba kimoja, kisha chumba cha pili, kisha ngazi, kisha mlangoni. Kila umbali mpya mpe kitu kizuri zaidi anapofika. Usiite mara kumi mfululizo. Ita mara moja, subiri.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Likoni: Dada, wangu nikimwita sikio lageuka kweli, lakini haji. Ni kiburi?

Si kiburi, ndugu yangu. Mbwa alichaguliwa na watu vizazi kwa vizazi kwa kazi ya kuamriwa. Paka ametokana na paka-mwitu wa Afrika na nchi za Mashariki ya Kati, akasogea kwenye maghala ya nafaka kufuata panya, miaka kama 10,000 iliyopita. Hakuna aliyemchagua kwa kuitika. Kusikia ana, ila kuja lazima kuwe na faida. Rudi hatua ya pili.

Mwanachama wa Kisauni: Mimi nna watatu: Simba, Samba na Kibibi. Nikiita mmoja waja wote. Wajuaje nani ni nani?

Waja wote kwa sababu kila jina huleta chakula cha wote. Katika utafiti ule wa 2019, paka wa mkahawa mmoja wa paka, ambako wateja huja kukaa na paka, walikokaa wengi pamoja hawakuonyesha kutofautisha jina lao na la wenzao, ilhali wa majumbani walitofautisha. Kwa wiki mbili mwite mmoja, umlishe huyo peke yake chumba chake, mlango umefungwa. Na Samba, samahani, mbadilishie jina. Baina yake na Simba kuna irabu moja tu. Nikuongezee: mwaka 2022 Saho Takagi na wenzake walionyesha kwamba paka wa majumbani hujua hata majina ya wenzao. Waliposikia jina la mwenzao kisha kwenye skrini ikatokea sura ya paka mwingine, walikodoa macho kwa muda mrefu zaidi.

Mwanachama wa Bamburi: Wangu ni mweupe pepe, macho ya buluu yote mawili. Haitiki kwa jina wala kwa sahani.

Huyo mchunguze usikivu kwanza. Paka weupe wenye macho ya buluu wengi huzaliwa viziwi. Akiwa amelala, simama mbali, usikanyage kwa kishindo wala usimpulizie upepo, kisha tikisa funguo. Asipotikisika mara kadhaa, mwone daktari wa mifugo. Kiziwi hufundishika kwa mwanga wa tochi au kwa kugonga sakafu, lakini usimwachie barabarani, hatasikia gari.

Mwanachama wa Makadara: Shangazi, mzee wetu nyumbani asema kumpa paka jina ni mambo ya wazungu.

Mkumbushe kwa adabu kwamba swahaba Abu Huraira, radhi za Allah ziwe juu yake, alijulikana kwa lakabu hiyo, yaani "baba wa kipaka", kwa ajili ya kipaka chake. Na wazee wetu wenyewe walisema paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi.

Mwanachama wa Nyali: Je, Kidoti anajua kwamba yeye ndiye Kidoti, kama mimi nijuavyo jina langu?

Hilo jaribio halisemi, na sitaki kulisemea zaidi ya lilivyoonyesha. Linaonyesha kwamba sauti hiyo ameitenga na nyingine na ina maana kwake: chakula, kushikwa, kuchezeshwa, pengine mimi.

Mwanachama wa Tudor: Nimejaribu leo magharibi. Neno la tatu paka akaondoka zake. Amefeli?

Hajafeli. Saa hiyo ana njaa na nje kuna adhana, watu na samaki wa kukaanga. Jaribu kesho baada ya kumlisha asubuhi, acha nusu saa ajilambe akae, kisha anza upya na maneno mapya manne. Yale ya leo ameshayasikia.