Jinsi ya Kumsaidia Mwenzi Kutoka Nje Azoee Moshi na Kiswahili

Ukioa au kuolewa na mtu wa nchi nyingine, kisha mkaamua kuishi Moshi, kazi ya kwanza inayokuangukia wewe mwenyeji ni kuacha kumsemea. Nalisema kwa uzito kwa sababu mimi mwenyewe nililikosea. Mke wangu alipofika kutoka Ujerumani, kwa takribani mwaka mzima kila aliyemsalimu alijibiwa na mimi, dukani niliagiza mimi, na nyumbani kwetu Kibosho nilitafsiri kabla hajapata hata nafasi ya kufikiri. Nilidhani namhurumia, kumbe namzuia.

Anzeni na salamu, na mzifundishane kwa undani. Mgeni anayejua "jambo" peke yake ataendelea kusemeshwa kitalii, hasa katika mji huu wenye wapandaji wengi wa Mlima Kilimanjaro. Mweleze kwamba "shikamoo" hutolewa na mdogo kwa mkubwa na huitikiwa "marahaba", kisha hufuata habari za nyumbani, za kazi na za watoto, na kuzikatiza ili aseme haraka shida yake ni kumkosea mtu adabu. Mfundishe pia "pole", ambayo si lazima iwe ya kuomba radhi, kwani huambiwa aliyetoka safari, aliyechoka na kazi, hata aliyejikwaa barabarani mbele yako. Akiulizwa kama ana watoto, naye hajajaliwa, ajibu "bado", maana "hapana" huwashtua wazee kana kwamba amekwisha kukata tamaa.

Saa ni somo la dakika chache, lakini lisiachwe: saa nne asubuhi ndiyo ile anayoiita kumi.

Baada ya hapo mpe kazi ya kweli, iliyo ndogo na ya kurudiwa kila wiki. Sisi tulichagua soko la Mbuyuni siku za Jumamosi, naye alikwenda peke yake akiwa na maneno machache aliyoyakariri: naomba, fungu, chane, bei gani, niongezee. Mama mmoja muuza ndizi alimpokea kwa namna ambayo sikuwahi kuiweza. Aliinua kitu kimoja kimoja, akakitaja, akasubiri kirudiwe. Siku mke wangu aliposema "ndizi kizuri", yule mama alijibu taratibu, "Ndizi nzuri, mwanangu," akamwongezea mbili juu ya chane. Hakuna aliyemtajia kanuni ya ngeli siku ile, lakini kosa hilo hakulirudia. Darasa lina nafasi yake, na kituo cha MS TCDC kule Usa River, kwenye njia ya Arusha, kimewafundisha wageni Kiswahili kwa miaka mingi. Hata hivyo, anayotoka nayo darasani yatanyauka asipopata wa kuzungumza naye sokoni, kwenye daladala na kwa jirani.

Jambo linaloumiza wengi bila wenyeji kutambua ni Kichagga. Mwenzi wako atajifunza Kiswahili kwa bidii, kisha mtapanda naye mlimani na asielewe hata neno moja, akadhani juhudi zake zote zimepotea. Mwambie mapema kwamba lugha anayoisikia pale ni nyingine, na kwamba Kimachame, Kivunjo na Kirombo vinatofautiana kiasi cha kuwatatiza hata Wachagga wenyewe. Kisha zungumza na ndugu zako, kwa upole na pasipo yeye kuwapo, uwaombe watumie Kiswahili anapokuwa barazani, kwa kuwa mtu huweza kukaa katikati ya familia inayompenda na bado akawa mpweke kabisa.

Kuhusu vibali, fikeni Uhamiaji mapema, mkijua kwamba hati ya mtegemezi peke yake haimruhusu kuajiriwa. Ndiyo maana siku zake za mwanzo zinahitaji shughuli na watu.

Ifikapo Desemba, ukoo unaporudi nyumbani kwa Krismasi, panga tangu awali aketi na mama yako wakimenya ndizi za mtori, nawe ukae mbali nao. Watanyamaza, wataonyeshana kwa mikono, kisha wataanza kuelewana. Akikufuata kukuuliza neno, mrudishe akamuulize mama.