Jinsi ya kuandaa kikao cha chanjo mtaani wakati wa janga

Mkileta sindano na maelezo siku moja, mmeshachelewa. Januari 2021 Rais Magufuli wa Tanzania alizitilia shaka chanjo za UVIKO-19 hadharani. Tarehe 28 Julai mwaka uleule Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera jijini Dar es Salaam. Dozi za chanjo ya Janssen zaidi ya milioni 1 zilikuwapo, lakini watu walijivuta, mpaka ikabidi wahudumu wawafuate majumbani na sokoni.

Anzeni wiki moja kabla. Piteni kwa mwenyekiti wa mtaa, imamu, mchungaji, mama lishe na kijiwe cha bodaboda. Msihubiri, ulizeni watu wanasema nini, kisha andikeni maneno yao kama yalivyo. "Inafunga kizazi" na "imetengenezwa haraka mno" ni hofu mbili, na jibu la moja haliondoi nyingine.

Kikao kiwe cha watu 20 hadi 30, baada ya alasiri, na nusu ya muda iachiwe maswali. Mzungumzaji awe nesi wa zahanati yao, si mgeni kutoka wilayani. Asipojua jibu, akiri na ataje siku atakayolileta.

Kwenye uvumi, tangulizeni ukweli: waliochanjwa wanaendelea kushika mimba kama kawaida. Utajeni uvumi mara moja, onyesheni kosa lake, mrudi kwenye ukweli. Kuurudiarudia ni kuusambaza.

Wengi huharibu kwenye maudhi madogo madogo. Semeni wazi: mkono utauma, na homa, kichwa au uchovu vinaweza kuja kwa siku moja au mbili. Kwa Janssen, tajeni pia tatizo la damu kuganda. Ni nadra sana, lakini ndani ya wiki tatu mtu akiumwa kichwa kikali kisichoisha, akikosa pumzi, akiumwa kifua au akivimba mguu, awahi kituoni. Mkificha, wa kwanza kupandwa na homa usiku ndiye atakayekuwa msemaji wenu mtaani.

Siku ya kuchanja, onyesheni kichupa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Hili si dogo: Mei 2021 Malawi iliteketeza hadharani dozi 19,610 za chanjo ya AstraZeneca zilizokwisha muda, ili watu wasidhani watachomwa hizo. Kichupa cha Janssen kina dozi 5 za mililita 0.5, kikishatobolewa kinakaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi kwa muda usiozidi saa 6. Mkisubiri watu watimie watano, semeni sababu, la sivyo mtaambiwa mnaficha jambo. Aliyechanjwa akae dakika 15 akiangaliwa.

Msije na askari, wala msimnyime mtu huduma nyingine kwa kukataa. Atakayesema "nafikiria kwanza", mpeni siku ya kurudi bila kubishana naye.

Siku ya tatu pitieni waliochanjwa. Aliyepata shida aandikwe kwenye fomu ya taarifa za madhara na apelekwe zahanati, na majirani waambiwe amehudumiwa, iwapo mwenyewe ameridhia.